Chupa ya Fundi Puto

4 Machi

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Na ya Mama mpe mkononi, isije ikapotea njiani. Sisi huku wazima. Baba mtoto ana mafua ya vumbi la saruji tu, ameshayazoea. Mkeo Bi Mdogo ameota meno mawili ya chini na anauma kila kitu, mimi mama yake nikiwemo. Wewe je? Magoti yanasemaje? Ningepiga simu lakini najua utaitikia "eeh, eeh" mpaka mwisho halafu umuulize Mama nilikuwa nasema nini. Mashine ilishakula masikio yako, kwa hiyo acha tuandikiane.

Baba, nimerudi kazini baada ya uzazi, na huwezi kuamini wameniweka wapi. Kwenye mashine yako. Watu bado wanaiita ya Fundi Puto, hata vijana ambao hawajawahi kukuona. Iko vilevile. Punje za plastiki zinaingia juu, zinayeyuka, zinatoka mdomoni zikiwa puto linalopanda mpaka karibu na bati, halafu linabanwa na kuviringishwa kuwa marobota ya nailoni. Mimi ni msaidizi, nafunga marobota na kukwangua mdomo. Nikiliangalia lile puto nakukumbuka umesimama chini yake mikono nyuma, kama mtu anayesubiri mvua ianze.

Sasa kuna jambo. Ile dawa ya ulaini, zile punje nyeupe tunazochanganya kidogo ili nailoni isishike mdomoni, inaondolewa. Wanunuzi wetu wanaofungia vyakula wamesema hawaitaki tena. Mkemia wetu, dada mmoja mpole anayevaa miwani ya kamba, alitukalisha kantini akatueleza. Ina florini ndani, na ndiyo inayoipa ule utelezi, lakini ndiyo pia inayoifanya isioze. Inatoka na maji ya kuoshea, inatoka na takataka, inakaa mtoni, inaingia kwenye samaki, na sasa ndugu zake wanapatikana kwenye damu za watu. Hata kwenye maziwa ya kina mama.

Aliposema hivyo nilijishika kifua bila kujua. Baadaye nikamfuata nikamuuliza kama nimwachishe Bi Mdogo. Akasema hapana, ninyonyeshe bila wasiwasi, faida ya maziwa ni kubwa kuliko hofu hiyo. Kazi yetu, akasema, ni kuacha kuiongeza duniani. Neno hilo nimelipenda, nimetembea nalo.

Kwa hiyo mashine yako ndiyo imechaguliwa kujaribia dawa mpya isiyo na florini. Nailoni ikitoka laini, mashine inabaki na Meneja amesema mimi nitafundishwa kuiendesha kabisa. Ikikataa, mnunuzi anaondoka, mashine inang'olewa, na sisi wa mashine hiyo tunarudi nyumbani. Niombee. Na uniambie wewe unaionaje.

Mwanao,
Kitinda


15 Machi

Kwa Kitinda wangu,

Marahaba. Ya Mama yako nimempa mkononi kama ulivyoagiza, amesema ameipokea na hana chenji. Magoti ni yale yale. Mwambie Bi Mdogo asimalize meno kwa kuuma watu, atayahitaji siku nikifika, kwa sababu Bi Mkubwa wangu hapa amekwisha kusema hapikii wake wenza.

Nimesoma habari zako mara nyingi. Nafurahi umewekwa pale. Nafurahi kuliko ninavyoweza kuandika, na Mama yako ni shahidi kwamba nilitoka nje nikajifanya naangalia mawingu.

Lakini kuhusu dawa, nikuambie jambo usilolijua kwa sababu ulikuwa hujazaliwa. Kabla ya dawa ile tulikuwa tunatoa nailoni yenye magamba, ukiipapasa kama ngozi ya samaki. Mdomo wa mashine ulikuwa unashika ukoko kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kila saa tunasimamisha, tunakwangua kwa bati la shaba, chuma kina moto, mikono inaungua. Lile kovu kwenye kiganja changu ulilokuwa ukilichezea ukiwa mdogo, ukiniuliza ni mto gani ule, ndiyo kazi hiyo. Dawa ilipokuja, mikono ya watu ikapona. Sisi hatukuiita sumu. Tuliiita mkombozi.

Nilipostaafu wenzangu hawakunipa saa wala shuka. Walinijazia punje zile kwenye chupa ya kioo, wakaandika juu "Kwa Fundi Puto". Iko kabatini sebuleni. Mama yako huifuta vumbi kabla hajafuta picha yangu.

Unaniuliza naionaje. Sioni kama itawezekana. Nailoni haidanganywi. Ukitaka kuijua ipitishe shavuni, usitumie vidole, vidole vya mtu wa kazi ni vigumu, vinasamehe mengi. Shavu halisamehi. Ipitishe shavuni halafu uniambie.

Nakuombea, ila nakuombea wewe. Hiyo dawa mpya ijiombee yenyewe.

Baba yako


2 Aprili

Kwa Baba yangu na Mama yangu,

Shikamooni wote wawili, leo nawapa moja ya kugawana kwa sababu nina haraka ya furaha. Afya zetu nzuri. Bi Mdogo amejifunza kukaa bila kuegemea, anakaa kama mwenyekiti wa kikao.

Imekubali. Baba, imekubali. Tulimaliza punje za zamani kwenye tangi, tukatia mpya, tukakaa tunautazama mdomo. Puto likapanda bila kuyumba. Mwendeshaji akakata kipande akampa Meneja, Meneja akakipapasa kwa vidole akasema safi. Mimi nikakata changu nikakipitisha shavuni kama ulivyosema, wakanicheka wote, lakini nilikipitisha. Laini, kama hakuna kitu. Siku ya pili vilevile. Mkemia peke yake ndiye aliyekuwa anatikisa kichwa, anasema imekuwa rahisi mno, lakini yeye hata mvua ikinyesha wakati wake huuliza kwa nini. Meneja alitununulia soda, akaninyooshea kidole akasema huyu ndiye mwendeshaji wetu ajaye. Nilirudi nyumbani nikamchezesha Bi Mdogo mpaka akacheua.

Sasa Baba, mwambie Mama ile chupa aitoe kabatini, amwage zile punje, atie sukari. Wakati wake umepita.

Mwanao mwenye furaha,
Kitinda


28 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Mwanzo nilisema labda dereva anayetuletea barua amesahau, nikamuuliza, akasema alikukabidhi mwenyewe na ulimpa maji ya kunywa. Basi nikajua. Natumaini ni hasira na si ugonjwa. Kama ni ugonjwa, Mama aniandikie hata mstari mmoja. Kama ni hasira, nimestahili. Neno lile la sukari lilikuwa la mtu aliyelewa furaha. Ile chupa ni heshima yako, nami niliizungumza kama kopo tupu.

Bi Mdogo hajambo. Anatambaa kinyumenyume, akitaka kuja kwangu anaenda mlangoni, halafu analia kwamba mimi ndiye ninayemkimbia.

Kazini mambo yamegeuka. Ilianza na michirizi midogo upande mmoja wa puto, tukasema ni vumbi. Baada ya siku chache yakaja magamba, yale yale uliyoniandikia. Nikipitisha shavuni inanikwaruza. Mdomo unashika ukoko, tunasimamisha, tunakwangua, tunaanza tena. Nimeungua kidogo kwenye kifundo cha mkono, usijali, ni padogo. Punje ni zile zile, joto ni lile lile, kipimo ni kile kile. Mkemia ameongeza dawa, amepunguza, amebadilisha joto, wapi. Analala na daftari lake, anasema kinachomchosha zaidi ni kule kukubali kwa mwanzo kuliko huku kukataa kwa sasa.

Meneja hana tena habari za soda. Amesema hadi mwisho wa Mei. Baba mtoto ananiambia tutaishi tu, saruji haijaisha duniani, lakini usiku naona anavyohesabu mabati ya chumba tulichoanza kujenga. Mimi kinachoniuma ni kwamba nilishaanza kujiona nimesimama chini ya lile puto.

Mkemia amenituma kwako. Kwa heshima, Baba. Amesema pale kiwandani hakuna hata mmoja aliyekuwepo siku dawa ya zamani ilipoingia mara ya kwanza. Anataka kujua mlichokiona siku zile za mwanzo kabisa, chochote, hata kama unaona ni upuuzi. Mimi nakuomba pia, si kama mtumishi wa kiwanda, kama mtoto wako. Na usipotaka kujibu hilo, nijibu tu kama mzima.

Mwanao,
Kitinda


11 Mei

Kwa Kitinda,

Marahaba mwanangu. Mzima. Mama yako mzima, na amenisimamia hapa mezani kuhakikisha kalamu inasogea, kwa hiyo ukiona mahali wino umekwama jua nilikuwa nabishana naye.

Nilikasirika, sitakuficha. Si kwa ajili ya sukari tu. Ile barua yako ya kwanza ilikuwa imenikaa kooni. Mtu afanye kazi maisha yake yote akidhani ameponya mikono ya watu, halafu aambiwe alikuwa anaweka kitu kwenye maziwa. Ulipoandika kwamba dawa mpya imekubali, nikajiona mimi na chupa yangu tumekuwa takataka siku moja. Ulipoandika kwamba imekataa, nikacheka. Nilicheka kweli, mbele ya Mama yako. Akanitazama, akasema, "Unamcheka nani, mashine au mwanao?" Akainuka akaniachia chai yangu ikapoa. Hakunipikia nyingine mpaka nilipotafuta kalamu.

Haya, mwambie Mkemia. Siku ya kwanza dawa ile ilipoingia, haikufanya kitu. Tuliitia asubuhi, nailoni ikatoka magamba kutwa nzima. Tulimtukana aliyetuuzia. Msimamizi akasema kesho tunairudisha. Kesho yake zamu ya asubuhi inaingia, nailoni ni laini kama maji, na hakuna aliyegusa kitu. Tulidhani ni uchawi. Baadaye tukazoea, hatukuuliza tena. Lakini sasa nikiwaza naona ilikuwa inajipaka kwanza. Inajipaka ndani ya mdomo, juu ya chuma, kidogo kidogo, na ikishamaliza kujipaka ndipo plastiki inateleza juu yake.

Sasa fikiria, mwanangu. Kama iliingia polepole, ilitoka polepole. Mlipotia dawa mpya, ile ya zamani ilikuwa bado imelala ndani ya mdomo. Ile nailoni mliyoishangilia kwa soda ilikuwa bado ya kwangu. Mlikuwa mnakunywa chai kwa sukari yangu na kumsifu mpishi mwingine. Ilipokwisha kuchakaa, vipande vimebaki, vipande vimetoka, dawa mpya haina pa kushika. Kabla ya kuihukumu, ufungueni mdomo, msugue mpaka chuma kitupu. Halafu muitie nyingi mwanzoni, na mngoje. Mngoje hata kama mnatukanwa.

Mimi sijui kemia. Huyo dada apime mwenyewe kama nimekosea.

Sasa langu. Wewe ulizaliwa nikiwa kwenye dawa ile. Nilikuwa natoka zamu na nguo za kazi, nakunyakua kwa Mama yako kabla sijanawa, nakubeba begani mpaka ulale. Kila siku. Muulize Mkemia kama nilikudhuru. Usinifiche atakachosema.

Na ile chupa nimeitoa kabatini. Nilitaka kuichoma nyuma ya nyumba, kuni nilishaziweka. Mama yako akasema nikuulize kwanza.

Baba yako


16 Mei

Baba,

Shikamoo, salamu nyingine nitazijaza baadaye, soma hili kwanza: usiichome. Mkemia amesema ile ikichomwa kwenye moto wa kawaida hutoa moshi mbaya, na wala haiishi. Usiifukie, usiimwage chooni. Na nisamehe tena kwa lile la sukari, chupa ile isitiwe kitu cha kuliwa hata ikioshwa. Funga mfuniko vizuri, iweke mbali na jiko. Huku punje zote zilizobaki tumezikusanya kwenye mapipa yenye vifuniko, waliotuuzia wanakuja kuyachukua. Na yako ina nafasi humo.

Sasa pumua. Sisi wazima. Bi Mdogo sasa anatambaa mbele.

Nilimpa Mkemia barua yako asome mwenyewe, ila ule mwisho niliukunja. Alisoma akavua miwani. Akasema ndiyo, ndiyo, akaniambia hilo ndilo lililokuwa linamkera, kukubali kule kwa mwanzo, ila hakuwa na kitu cha kumwonyesha Meneja. Wakaingia ofisini, sauti zikapanda zikashuka, wakatoka na ruhusa. Mdomo umefunguliwa. Nilitegemea kuona utando fulani ndani, Baba. Hakukuwa na kitu cha kuonekana. Chuma tu, kinachong'aa kupita chuma. Tumekisugua mpaka kikafifia. Vumbi lake na maji ya kuoshea hayakwenda mtaroni kama zamani, yameingia kwenye pipa lake.

Nimemuuliza lile swali lako. Nilimuuliza tukiwa wawili. Hakupamba maneno. Akasema, "Sijui, na atakayekuambia anajua anakudanganya." Akasema hizi kemikali watu wanakuwa nazo kidogo kidogo, hata ambao hawajawahi kuliona lango la kiwanda, na huwezi kumtazama mtu mzima kama mimi ukasema hili limetoka bega lile. Akasema mliambiwa ni salama, na waliowaambia ndio wa kuulizwa.

Hayo ni yake. Yangu ni haya. Bega lako lilinukia nailoni ya moto. Mpaka leo nikiingia kiwandani asubuhi, harufu ile ikinipata, macho yananilegea kama mtoto, wenzangu wananitania kwamba nyumbani silali. Mimi nalala. Ni bega lako tu. Kama ulinipa kitu kingine nisichokijua, hiki nakijua. Na Bi Mdogo nikitoka kazini nanawa kwanza, nabadilisha nguo, halafu namnyakua. Hiyo ndiyo tofauti pekee, kunawa.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kreti, mashine imewashwa. Inatoka magamba. Tumeitia dawa nyingi kama ulivyosema na inatoka magamba. Meneja anapita na kurudi. Nimemwambia baba yangu amesema tungoje. Ameniuliza mpaka lini, nikamwambia baba yangu hakusema lini, amesema tungoje hata tukitukanwa. Nadhani alikuwa anataka kucheka lakini akakumbuka yeye ni meneja. Dereva anapiga honi, lazima nimpe barua hivi ilivyo.

Mwanao,
Kitinda


23 Mei

Kwa Kitinda,

Marahaba, na nimepumua.

Ule ukurasa wa bega nimemsomea Mama yako. Safari hii tulitoka nje wote wawili kuangalia mawingu.

Barua yako iliishia kwenye kreti. Huwezi kumwacha mzee kwenye kreti, mwanangu. Nimekaa hapa siku zote hizi, kila gari likipita naenda mlangoni. Mama yako amechoka nami. Amesema nikiendelea hivi atanifunga mfuniko aniweke mbali na jiko.

Kwa hiyo nakuja. Nakuja na chupa, nimeizungushia utepe mpaka haionekani ni chupa, nitaipakata njia nzima, kwenye buti la gari siiweki. Ile karatasi ya "Kwa Fundi Puto" nimeibandua. Inabaki kabatini, Mama yako ameiweka mbele ya picha yangu. Punje naenda kuzikabidhi mwenyewe. Mimi nilitoka nazo pale, acha nizirudishe kwa lango lile lile.

Nailoni iwe imetoka laini au imetoka magamba, sitauliza nikiwa njiani. Kama mashine inang'olewa nitakusaidia kubeba vitu vyako kurudi nyumbani, na hakuna kitakachopungua kwako machoni pangu. Nitafika Jumamosi, zamu ya asubuhi. Mwambie mlinzi wa lango anitarajie, mzee asiyesikia vizuri, amepakata kitu.

Bi Mdogo aambiwe mumewe anakuja. Aoge.

Baba yako


Jumamosi, langoni

Baba yangu,

Shikamoo, na karibu. Mlinzi amekupa barua hii kwa sababu nimeshindwa kuja kukupokea. Usinikasirikie. Mwendeshaji wa mashine haruhusiwi kuiacha ikiwa inapuliza, na wewe ndiye uliyewafundisha sheria hiyo.

Chupa usimpe mlinzi, anaogopa vitu vilivyofungwa utepe. Mkemia anatoka sasa hivi kukupokea. Ni yule mwenye miwani ya kamba. Atakuonyesha pipa, utaiweka kwa mkono wako, halafu atakuleta kwangu. Amesema ana maswali mengi na atayauliza kwa kupiga kelele.

Pale kwenye benchi la kivulini amekaa mkweo, mafua yake yamepona. Aliyepakatwa naye, anayekula ukanda wa kofia, ndiye mkeo. Ameoga.

Barua hii nimeifunga kwa kipande cha nailoni ya leo asubuhi. Najua umekwisha kukipapasa kwa vidole. Sasa kipitishe shavuni, taratibu, kama ulivyonifundisha. Ukimaliza, sogea pale benchini uweke shavu lako kwenye shavu la Bi Mdogo. Halafu uje uniambie mimi hapa chini ya puto ni ipi laini zaidi, maana wote kiwandani tumebishana na tumekubaliana tukungoje wewe.

Mwanao,
Kitinda